Jubilei ya Udongo

Maneno aliyosema katekista mmoja mbele ya waalimu na wakuu wa jumuiya, juu ya usafi wa mitaa ya mlimani na kazi ya mboji

Mapadre wetu wapenzi, Masista, waalimu wenzangu, wakuu wa jumuiya, nanyi Wakristo wote mliokusanyika hapa: nimeamriwa kusema maneno machache katika siku hizi za Jubilei, nami nimeona haya kidogo, kwa maana habari niliyo nayo si ya kutajwa watu wanapokula. Ni habari ya takataka na ya vyoo. Labda mtu atauliza, Je, katekista hana la kusema juu ya roho, hata aje kutusimulia mambo ya mashimo? Nawaomba mnivumilie, kwani katika shimo moja la mlimani nilijifunza amri ambayo nilikuwa nikiwafundisha watoto kwa miaka mingi bila ya kuijua.

Kwanza tuulize: Jubilei ni nini? Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, twasoma habari ya mwaka wa hamsini. Baragumu ilipigwa, watumwa wakaachwa huru, kila mtu akarudia urithi wa baba zake, na nchi yenyewe ikapumzika, isilimwe. Neno kuu la mwaka ule ni kurudi. Sisi tukisikia habari hiyo twafikiri upesi juu ya watu na madeni yao, lakini twasahau kwamba nchi nayo imetajwa. Udongo una haki yake mbele ya Mungu. Basi leo nataka kusema neno moja tu: kilichotoka udongoni kirudi udongoni, kisiende ziwani, wala kisimwangukie jirani.

Wazee wetu katika imani walifika pwani hii mwisho wa mwaka 1878, Mapadre Weupe walipotua Kageye, upande wa Magu, wakitafuta njia ya kwenda Buganda. Mwaka 1883 misioni ikawekwa Bukumbi. Wakati ule pwani ya ziwa ilikuwa na vijiji, na nafasi kati ya nyumba na nyumba ilikuwa kubwa. Ganda la ndizi likitupwa nyuma ya nyumba, lilitupwa shambani. Mtu hakuhitaji kufundishwa neno mboji, maana nchi ilijifanyia kazi yenyewe. Baadaye reli ilifika Mwanza mwaka 1928, mji ukakua, ukafanywa Jiji mwaka 2000, na hesabu ya watu ya mwaka 2022 ikaonyesha ya kuwa Nyamagana na Ilemela pamoja zina watu zaidi ya milioni moja. Watu hawa wote hula, na kila alaye huacha maganda, na kila alaye huenda chooni. Vitu vile vile vilivyokuwa baraka kijijini vimekuwa mzigo mjini, kwa sababu vimekosa njia ya kurudi.

Tena mji wetu si kama miji ya tambarare. Ni mji wa miamba. Matajiri wamejenga penye barabara. Maskini wamepanda mlima. Tazameni Mabatini, Igogo na Kilimahewa: nyumba zimekaa juu ya mawe kama ndege juu ya matawi. Gari la taka halipandi huko, wala gari la kunyonya vyoo. Ukichimba shimo, kabla hujafika kiunoni jembe lagonga jiwe. Na mvua inyeshapo, maji hayakai. Yashuka kwa nguvu mpaka bondeni, yaingia Mto Mirongo upitao katikati ya mji, na Mirongo waingia ziwani. Katika mji wa namna hii kila mtu ana jirani wa juu na jirani wa chini. Nawasihi mlishike neno hili, maana sasa nitaungama mbele yenu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa katika nyumba ya mlimani, mimi na mke wangu na watoto. Shimo la choo chetu lilikuwa fupi, nalo lilijaa upesi. Kule kwetu palikuwa na desturi mbaya, nanyi mwaijua kwa jina lake: kutapisha choo. Mvua kubwa ikinyesha usiku, mtu hutoka kimya, huondoa jiwe lililo upande wa bondeni, na uchafu wote hushuka pamoja na maji. Asubuhi shimo ni tupu, na hakuna aliyeona. Nami nilifanya hivyo. Sikufanya mara moja. Nilifanya mara tatu.

Asubuhi baada ya mara ya tatu nalishuka kwenda kuwafundisha watoto wa Komunyo ya kwanza. Chini ya nyumba yetu akaa bibi mmoja mjane, mtu wa jumuiya yetu. Nikamkuta anachota maji machafu jikoni mwake kwa beseni. Nikamwamkia, “Shikamoo, Bibi.” Akaitika, “Marahaba, Mwalimu,” akainama tena kuchota, hakusema neno jingine. Juu ya nyumba yake hapakuwa na choo kingine ila changu. Na somo la siku ile, kama Mungu alivyopenda, lilikuwa juu ya kumpenda jirani. Nililifundisha mpaka mwisho, watoto wakajibu vizuri, lakini mimi nilitamani kengele ilie upesi.

Kabla ya Jumapili mjukuu wa bibi yule alishikwa na kuhara, akachukuliwa hospitali, akalazwa siku nne. Mungu akamponya. Siwezi kuapa ya kuwa ugonjwa ule ulitoka chooni kwangu. Tena siwezi kuapa ya kuwa haukutoka. Neno hili la pili ndilo lililoninyima usingizi. Nikaenda kwa Padre nikaungama. Alinipa ondoleo, akaniagiza nimwendee yule niliyemkosea. Jioni nikashuka, nikasimama mlangoni, nikasema, “Bibi, ni mimi.” Akanitazama kitambo, akasema, “Nalijua, Mwalimu. Nilikuwa nakungoja. Msamaha nimekwisha kukupa. Sasa nenda ukazibe tundu.”

Wapenzi, katika maneno yale mna mafundisho yote ya Kitubio. Msamaha peke yake hauzibi tundu. Nikaziba. Lakini shimo lilijaa tena, kama ilivyo desturi ya mashimo, nasi tukajua ya kuwa mtu mmoja hawezi kulishinda jambo hili. Tukakaa watu wa nyumba tano, tukachanga fedha kidogo kidogo kwa muda wa miezi mingi, tukajenga shimo moja la matofali na saruji chini karibu na njia, mahali mpira wa gari la kunyonya uwezapo kufika. Haba na haba hujaza kibaba. Na tangu siku ile mvua ikinyesha usiku, nalala.

Sasa tuangalie madhara ya uchafu ulioachiliwa, ili waalimu wapate kuyaeleza kwa hakika wala si kwa uvumi. Kipindupindu ni ugonjwa wa kinyesi kilichoingia katika maji au katika chakula. Mjidudu wake ulitambuliwa na mganga Mjerumani Robert Koch, katika kazi aliyoifanya Misri na Bara Hindi mwaka 1883 na 1884. Na mwaka 1906 mtu huyo huyo alifika hapa Mwanza, alipokuwa akichunguza ugonjwa wa malale, kabla ya kuvuka kwenda visiwa vya Sese. Basi elimu ya ugonjwa huu ni ya zamani, lakini ugonjwa hauogopi elimu iliyo vitabuni. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi, na Mwanza nayo ikaguswa. Mwenye kushikwa hupoteza maji ya mwili upesi sana, hata aweza kufa siku ile ile asipotiliwa maji na chumvi na kupelekwa kwa waganga.

Kuna na kichocho, ugonjwa wa pwani yetu. Mayai ya mnyoo wake hutoka pamoja na kinyesi. Yakifika ziwani huanguliwa, vijidudu vyake huingia katika konokono, hukua humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayevua. Mtoto hahitaji kuyanywa maji yale; yatosha asimame ndani yake. Ugonjwa huu hauui haraka kama kipindupindu, bali hula ini na nguvu za mtu polepole kwa miaka. Angalieni basi: mnyoo hauwezi kumaliza safari yake isipokuwa mtu ameupatia njia kutoka chooni mpaka ziwani. Tukiifunga njia hiyo, tumeupunguzia uzao.

Tena liangalieni ziwa lenyewe. Ziwa letu ni kubwa mno, karibu kilomita za mraba 69,000, lakini halina kina kirefu. Wastani wake ni kama mita 40. Mfano wake ni sinia, si chungu. Na maji ya bomba ya mji huu hutolewa ziwani, yakasafishwa, yakarudishwa kwetu. Ziwa ndilo linalotupa samaki na dagaa wanaoshushwa Mwaloni, Kirumba. Ziwa hilo hilo ndilo tulilolifanya jalala. Mtu hupika wapi, akatupa takataka wapi? Je, yuko mtu ajaye kutia taka katika mtungi wake mwenyewe?

Na hapa lipo jambo la kustaajabisha. Kile kinacholidhuru ziwa ni chakula kilichokosa mahali pake. Katika maganda, katika samadi na katika uchafu wa vyoo mna rutuba, vile vitu ambavyo mimea huhitaji ili ikue. Vikikaa shambani huleta mchicha na mahindi. Vikiingia ziwani huleta ukoga na magugu. Watu walianza kuliona gugumaji ziwani humu kama mwaka 1989 na 1990. Mmea wa asili ya Amerika ya Kusini, wenye ua zuri na tabia mbaya. Likafunga bandari, likazuia mitumbwi, likawapa konokono wa kichocho maficho. Katika miaka ya 1990 waliletwa fukusi wa kulila, nalo likapungua sana, walakini halikwisha. Na kila tunapotia rutuba ziwani twaliandalia karamu. Wakati huo huo mkulima wa pembezoni mwa mji analalamika ya kuwa ardhi yake imechoka, naye hana fedha za kununua mbolea ya chumvichumvi. Shamba lina njaa, na ziwa limevimbiwa. Ni habari ya tajiri na Lazaro, ila safari hii mlango uliofungwa ni wetu.

Ni nani aliyenifundisha haya? Ni yule bibi niliyemwagia uchafu. Yeye ni mzaliwa wa Ukara, kisiwa kidogo kilicho kaskazini ya Ukerewe. Siku tulipokuwa tukijenga lile shimo la pamoja, alinikuta namwaga ndoo ya maganda ya ndizi bondeni. Akaniambia, “Mwalimu, kwetu mtu afanyaye hivyo huitwa mpotevu wa mali.” Ndipo akanisimulia desturi ya Wakara. Kisiwa chao ni kidogo na watu ni wengi; hawana nchi ya kuhamia shamba likichoka. Kwa hiyo ng'ombe huwekwa ndani ya nyumba, katika zizi lililochimbwa chini, hukatiwa majani na kuletewa, na majani mengine hutandikwa chini ya miguu yao. Samadi hukusanyika humo, kisha huchukuliwa vichwani mpaka shambani. Tena hupanda kati ya uwele mimea ya jamii ya marejea, isiyoliwa na watu, ili ifukiwe iwe chakula cha ardhi. Katika miaka ya 1930 mabwana shamba wa Serikali ya Tanganyika waliandika habari za kazi hiyo kwa kustaajabu, lakini Wakara hawakuianza kwa kufundishwa na Serikali. Walikuwa nayo tangu wazee wao. Basi tusidhani ya kuwa kazi ya mboji ni jambo geni lililoletwa juzi. Ni hekima ya ziwa letu wenyewe, nasi wa mjini tumeiacha njiani.

Ili waalimu wapate kuifundisha kazi hii katika jumuiya na shuleni, nimeipanga kwa maswali na majibu, kama tulivyozoea.

Swali: Mboji ni nini?
Jibu: Mboji ni vitu vilivyokuwa na uhai, kama majani na maganda, vilivyooza kwa hewa na unyevu hata vikawa udongo mweusi usionuka.

Swali: Vitu gani hutiwa katika lundo?
Jibu: Maganda ya ndizi, viazi na mihogo, mabaki ya mboga, majani makavu, nyasi, majivu kidogo, na samadi ya ng'ombe, ya mbuzi au ya kuku.

Swali: Vitu gani havitiwi?
Jibu: Plastiki, chupa, vyuma, betri, dawa na nepi. Tena nyama na matumbo ya samaki visitiwe katika lundo lililo karibu na nyumba, kwa maana huita mbwa, panya na inzi.

Swali: Lundo hupangwaje?
Jibu: Chini weka vijiti, ili hewa ipite. Juu yake weka vitu vikavu, kisha vibichi, kisha udongo kidogo, ukanyunyize maji. Uendelee hivyo tabaka kwa tabaka. Vikavu viwe vingi kuliko vibichi, kama mara mbili au tatu. Lundo likifika mita 1 kila upande, lifunike kwa majani ya migomba au kwa gunia, ili jua lisilikaushe wala mvua isilioshe.

Swali: Twajuaje ya kuwa lundo lafanya kazi?
Jibu: Chomeka fimbo katikati, uichomoe baada ya kitambo. Ikitoka na joto na unyevu, kazi inaendelea. Lundo zuri hufikia joto la sentigredi 55 mpaka 65, nalo huua mbegu za magugu na vijidudu vingi.

Swali: Likinuka je?
Jibu: Lina maji mengi, au halina hewa. Ligeuze, ulitie majani makavu. Likiwa kavu, baridi na lisilooza, litie maji na vibichi.

Swali: Hugeuzwa mara ngapi, na huiva lini?
Jibu: Geuza kila baada ya majuma mawili. Baada ya miezi mitatu hivi huwa mboji, nayo hunukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza.

Swali: Je, vya chooni vyaweza kutiwa humo?
Jibu: La. Mayai ya minyoo ya tumbo huweza kukaa hai udongoni zaidi ya mwaka mmoja, na mboga zitayarudisha mezani. Viko vyoo vilivyotengenezwa makusudi ili vitu vyake vikaushwe na kukaa muda mrefu kabla ya kutumika, lakini kazi hiyo yataka fundi na uangalizi. Si ya lundo la nyumbani.

Najua mtu atasema, Mimi sina shamba. Nimekaa juu ya jiwe. Bibi wa Ukara naye hana shamba mlimani. Ametwaa magunia, ameyajaza udongo na mboji, ameyapanga juu ya mwamba mbele ya nyumba yake, akapanda mchicha, matembele na sukuma wiki. Mahali pa lundo ametumia pipa bovu lenye matundu chini. Mboji inayomzidi huwapa walimao mboga bondeni, nao humletea nyanya. Mwamba ule ambao maji machafu yalipita sasa una mboga juu yake.

Mwingine atasema, Kazi hii ni ya Jiji. Ndiyo maana twalipa ushuru wa taka. Ni kweli kwamba Serikali ina wajibu wake, nasi tuudai bila kuogopa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 zipo. Mifuko ya plastiki ilikatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019, nasi tuliona jinsi jambo lililodhaniwa haliwezekani likawezekana. Mabatini, Igogo na Kilimahewa, Mamlaka ya Majisafi imepitisha kati ya nyumba mabomba membamba ya maji machafu, yanayofuata mteremko wa mlima, mahali bomba kubwa lisipoweza kupita. Na penye mabomba hayo tusitupe humo matambara wala mchanga, maana bomba likiziba juu, hufumuka kwa jirani wa chini. Lakini hata Jiji lingekuwa na magari mia, nani atakayelitenga ganda la ndizi na kipande cha chupa jikoni mwako, kama si wewe? Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu ni vitu vya kuoza. Vikichanganywa na plastiki, vyote ni taka, navyo huchukuliwa kwa gharama mpaka dampo la Buhongwa. Vikitengwa tangu jikoni, nusu ni mali, na nusu iliyobaki ni nyepesi, kavu, na haimnukii mtu.

Na hapo nataka kuwataja wale vijana na kina mama wanaozoa taka katika mitaa yetu, wanaoburuta mikokoteni mpaka kwenye vizimba. Tunawalipa fedha kidogo, tena wengine huwaficha watoto waseme baba hayupo. Wanakatwa na vioo kwa sababu tumechanganya vioo na maganda. Tukutanapo nao njiani twashika pua. Ndugu zangu, hawa wanaosha miguu ya mji. Tumwamkie kila mmoja kwa heshima yake, tulipe kwa wakati, na tutenge kilicho na makali.

Mwingine tena atasema, Katekista ashike katekisimu. Namjibu kwa upole. Huko Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, alikuwako Adriano Atiman, aliyetekwa utumwani angali mtoto katika nchi ambayo leo yaitwa Mali, akakombolewa, akasomeshwa uganga Malta, akaja huku mwisho wa miaka ya 1880. Akawa katekista na mganga pamoja mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakuona ya kuwa mkono unaofunga kidonda hauwezi kushika kitabu. Hata Musa, katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, aliwaagiza watu wa kambi watoke nje, wachimbe kwa kijiti, wakafukie. Kwani Mungu alitembea kati ya hema zao. Na Baba Mtakatifu Fransisko, mwaka 2015, alitoa waraka wake Laudato Si' juu ya kuitunza nchi iliyo nyumba yetu sote, akaonyesha ya kuwa kilio cha nchi na kilio cha maskini havitengani. Sisi wa mlimani tumelisikia neno hilo kwa masikio yetu, usiku, maji yanaposhuka.

Waalimu wenzangu, kwenu nina ombi la peke yake. Tumekuwa na desturi ya kumwadhibu mtoto mtundu kwa kumpeleka kufagia choo au kuzoa taka. Tunafundisha nini hapo? Twafundisha ya kuwa usafi ni adhabu, na ya kuwa mtoto mwema hana haja ya kushika ufagio. Mtoto yule akiwa mtu mzima, akipata fedha, atamwajiri mwingine afagie, naye atamdharau. Nawaomba kazi ya choo na ya lundo iwe zamu ya wote, mwalimu akiwa wa kwanza. Kila darasa liwe na kitanda chake cha mboga kilichotiwa mboji yake, na mboga ziliwe na watoto waliozipanda. Na maji na sabuni viwe karibu na choo, maana maneno juu ya kunawa hayaoshi mikono.

Na kwenu wakuu wa jumuiya naomba mambo matatu, yawe alama ya Jubilei yetu. La kwanza: kila nyumba iwe na vyombo viwili vya taka, kimoja cha vitu vya kuoza, na kimoja cha vingine. La pili: kila jumuiya iwe na lundo moja la mboji, lenye mtu anayeliangalia. La tatu, nalo ni gumu kuliko yote: kabla ya mvua za vuli, wakuu wazunguke nyumba kwa nyumba, bila ya kutukana wala kushitaki, waulize, “Choo chako kimejaa? Tukusaidieje?” Maana anayetapisha choo usiku mara nyingi si mtu mwovu, ni mtu maskini aliyeachwa peke yake na shimo lake. Nami nalikuwa mmoja wao. Kama mtu angaliniuliza swali lile mapema, mtoto yule labda asingalilazwa.

Nimalizie kwa mfano ambao Bwana wetu mwenyewe alitoa, katika Luka, sura ya 13. Mtini ulikuwa miaka mitatu bila ya matunda, na mwenye shamba akataka ukatwe. Mtunza shamba hakuutetea kwa maneno mengi. Aliomba mwaka mmoja tu, apate kuuchimbulia na kuutilia samadi. Nilipokuwa kijana niliona ni jambo dogo kwamba Mwokozi alitaja samadi. Sasa naona ya kuwa mti ule ulipewa mwaka wa rehema, na rehema ile ilikuja na jembe na kikapu cha vitu vinavyonuka.

Nasi tumepewa mwaka wa rehema. Tukiutumia kwa nyimbo na kanga mpya tu, tutakuwa kama mtini wenye majani. Tuimbe, ndiyo, kisha tushuke mlimani tukatazame nyumba iliyo chini yetu. Bibi wa Ukara angali hai, na mjukuu wake sasa ni mmoja wa watoto wanaotumikia Misa. Kila nipitapo mlangoni pake namwamkia, naye huitika, halafu huniuliza neno lile lile: “Mwalimu, lundo lako lina joto?”

Nami nawauliza ninyi nyote.

Tumsifu Yesu Kristu.